Jiwe Katika Sikio la Koko

Jumatatu saa tatu asubuhi, kifaa cha kumsaka samaki kilichokuwa mapajani mwa Wabiwa kilitoa mlio mmoja mfupi, kisha wa pili, kisha kikaanza kulia bila kupumzika. Alizima injini ya boti. Alichukua upondo, akaisogeza boti taratibu mpaka ikapita kati ya nguzo mbili za ua wa ng'ombe ambazo nusu yake ilikuwa imezama majini.

Hapa palikuwa malisho. Theluji ya mwaka huu ilikuwa nyingi kuliko mtu yeyote wa sehemu hii ya Minesota alivyokumbuka, na ilipoyeyuka, Ziwa Marno lilipanda likayafunika majani hadi kimo cha magoti.

Koko alikuwa amejiegesha katikati ya majani hayo, mgongo wake ukikaribia kutoka nje. Alikuwa samaki-nyati, mkubwa wa jamii ya wafyonzaji wa mito ya huku, mwenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Magamba yake yalikuwa na rangi ya sufuria iliyozeeka, na ubavuni alikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa na meusi yanayowatoka samaki hawa uzeeni, kama madoa kwenye mikono ya wazee. Mdomo wake mpana ulifunguka na kufungika, ukichuja maji. Alikuwa na miaka mia moja na ishirini na kitu. Kwenye orodha ya kituo aliitwa Namba Nne. Wabiwa alimwita Koko, kama watu wa kwao wanavyomwita bibi, ingawa hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu.

Alishusha kipimo cha picha majini, cha aina ileile wanayopimiwa wajawazito, akakigusisha kwenye ubavu wa samaki. Kioo kikajaa nukta nyeupe. Wabiwa alidhani kipimo kimeharibika. Alikifuta kwa kiganja, akakigusisha tena.

Mayai. Yalikuwa malaki, kuanzia karibu na kifua hadi mwanzo wa mkia.

Alikaa chini ndani ya boti. Miaka sita amefanya kazi kwenye kituo hiki, na hajawahi kuona kitu kama hicho kwenye ziwa hili. Katika vitabu vya kituo, samaki-nyati mchanga alionekana mara ya mwisho kwenye ziwa hili miaka sitini na mmoja iliyopita. Tangu hapo wazee walibaki wakiogelea, na hakuna aliyezaliwa.

Alipima joto la maji. Nyuzi kumi na tatu. Samaki hawa hutaga maji yakifika kumi na sita, juu ya majani yaliyofurikwa. Kwa jua hili, zilihitajika siku mbili.

Simu ikaita. Alikuwa Wakili Sifa Lubunga.

"Wabiwa, mdogo wangu, nipe habari njema."

"Jambo, yaya," alijibu Wabiwa, kama watu wa kwao wanavyomwita ndugu mkubwa.

"Mzee Byaombe amefariki alfajiri hii. Jina lake nimelifuta mwenyewe sasa hivi. Tumebaki mia tatu na tisa. Umempata?"

Koko alitikisa mkia mara moja, na matope yakapanda kama moshi.

"Bado, yaya," alisema Wabiwa. "Bado sijampata."

Hakuwahi kumdanganya mtu aliyemzidi umri. Chuoni alikuwa yule msichana ambaye hakuinua mkono hata pale alipokuwa na jibu. Sasa uongo ulikuwa umetoka kinywani mwake kwa urahisi, kama salamu.

Aliizima simu, kisha akakichomoa kifaa betri yake na kuitia mfukoni.

*

Wabiwa alikuwa mtoto mahakama zilipoacha kuamini karatasi. Mashine zilikuwa zimejifunza kughushi kila kitu: picha, sauti, sahihi, kumbukumbu za hospitali, hata sura ya shahidi anayelia. Mwishowe majaji waliamua kukubali tu kile kilichoota chenyewe, tabaka juu ya tabaka, bila mkono wa mtu. Pete za miti. Barafu ya kale. Meno. Na jiwe la sikio la samaki.

Kila samaki ana vijiwe hivyo ndani ya fuvu, vinavyomsaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Kila mwaka jiwe huongezeka tabaka moja, na kila tabaka hufungia ndani yake kilichokuwemo kwenye maji ya mwaka ule. Samaki anayeishi zaidi ya miaka mia anabeba kitabu ambacho hakuna mashine inayoweza kukiandika upya. Lakini kitabu hicho hakisomeki bila kulivunja fuvu. Mahakama zilikuwa zimeshawamaliza samaki wazee wa maziwa mengi kwa sababu hiyo.

Katika Ziwa Marno walibaki kumi na mmoja. Kumi kati yao walikuwa madume walioletwa kwa lori kutoka ziwa jingine. Mawe yao yangesimulia maji ya huko. Aliyezaliwa hapa, aliyeyanywa maji ya hapa wakati kiwanda cha betri kilipokuwa kikifanya kazi, alikuwa Koko peke yake.

*

Alasiri alikwenda kumwona shangazi yake kwenye ukumbi wa kanisa. Mashine tatu za kuchuja damu zilinguruma chini ya picha ya Yesu na kondoo. Watu walikaa kwa zamu, saa nne kila mmoja, mara mbili kwa wiki, badala ya mara tatu alizotaka daktari.

Wote walikuwa watoto au vijana miaka arobaini iliyopita, katika mtaa ambao kiwanda kiliwajengea wafanyakazi wake kando ya ziwa. Wazazi wao walikuja kutoka Kongo wakiwa wakimbizi, wakafurahi kupewa nyumba yenye bomba. Maji ya bomba yalitoka ziwani. Kadmiamu, metali yenye sumu iliyotiririkia humo kutoka kiwandani, haina ladha. Inaingia kwenye figo na kukaa humo kwa subira, na miaka ikishapita mwenye figo anaanza kuvimba miguu.

"Mtaalamu wa samaki huyo!" alipaza sauti Baba Apendeki kutoka kiti cha kati. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na uso wa manjano uliofutuka. "Huhitaji kumwona. Funga macho, vuta pumzi."

"Jambo, Baba Apendeki."

"Jambo sana. Samaki wako anatukimbia, eeh? Mwambie namsalimia. Mwambie siku nitakayowekewa figo mpya, bia ya kwanza ni kwa jina lake."

"Mlokole mzima na bia!" alisema Shangazi Nakasila kutoka kiti cha pembeni.

"Mimi sitakunywa, shangazi. Itakayokunywa ni figo. Figo mpya haijabatizwa."

Mke wake, Mama Apendeki, alimpiga begani kwa kitambaa alichokuwa akimfutia jasho. Watu walicheka, hata muuguzi. Figo za kuoteshwa zilikuwepo, hospitali ya jijini ilikuwa nazo, lakini walipewa wale tu ambao hukumu imewataja. Na hukumu ilitaja tu waliokuwa hai saa jiwe liliposomwa. Sheria ilisema marehemu hawezi kuponywa.

"Wangetuuliza meno, mambo yangekwisha zamani," aliendelea Baba Apendeki. Alipenda kukieleza kisa hiki, na hakuna aliyemkatiza. "Wakili alikuja kwetu kwa adabu. 'Nani ana meno yake ya utoto?' Tukatazamana! Mimi yangu yote ishirini niliyarusha juu ya bati la mama. Nikasema, chukua hili bovu, niletee jipya. Mtaa mzima tulirusha. Mvua ya mawe ikapiga, mabati yakang'olewa, yakapelekwa kuyeyushwa. Ushahidi wa watoto mia nne uko kwenye masufuria ya watu."

"Na wale wenyeji wa ng'ambo ya juu walihifadhi yao kwenye vikopo," alisema Shangazi.

"Ya watoto na ya mbwa! Lakini wao walikunywa maji ya kisima. Meno safi kabisa. Kiwanda kiliyapenda sana meno yale."

Wabiwa alivuta kigoda akakaa miguuni pa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Alianza kuikanda miguu yake. Kidole kilipobonyeza, shimo lilibaki.

"Ukimpata, utaweza?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kuweza nini?"

"Kumuua. Wewe uliyekuwa ukimlilia kuku wa Krismasi."

"Nitaweza." Aliendelea kukanda. "Shangazi, kama kungekuwa na sababu ya kungoja kidogo. Siku mbili, tuseme. Sababu nzuri."

Shangazi Nakasila alimtazama kwa muda.

"Tumengoja miaka minne. Mtu akisema siku mbili si kitu, naweza kumwelewa. Lakini asiniambie mimi. Aende pale kati, amwambie yule, amtazame usoni."

Wabiwa hakugeuka kutazama kiti cha kati. Alimsikia Baba Apendeki akiomba kipande cha barafu, na mke wake akimwambia kwamba cha leo amekwisha kula, na yeye akisema basi ampe cha kesho.

*

Jumanne mchana nyuzi zilikuwa kumi na nne na nusu. Wakili Lubunga alikuja mwenyewe, akasimama kwenye gati la kituo na viatu vyake vya mjini, akishika kofia isipeperuke.

"Niletewe ndege ya kutafutia? Ninaweza kuipata jioni hii."

"Haioni ndani ya matope, yaya."

"Boti ya pili?"

"Itamtisha. Atakwenda kwenye kina." Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli, alijisikia vibaya zaidi. "Yaya, nikimkuta ana mayai?"

Wakili alimgeukia. "Ana mayai?"

"Nauliza tu. Ni msimu wake."

"Basi utamkamua kabla ya kumuua. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Tulifanya hivyo kwa Namba Mbili, wa ziwa jingine, mahakama ilipomwita. Mayai hayakuwa yamekomaa. Tuliyatia kwenye bakuli na mbegu za dume, yakawa meupe saa ileile, kama yai la kuku kikaangoni. Namba Saba vilevile. Yanakomaa siku ileile anayotaga, akiwa na madume yake. Sisi hatujui kumlazimisha."

"Na bila yeye?"

"Bila yeye, hawa madume watazeeka, na baada yao hakuna."

Upepo ulipiga maji. Wakili aliishika tena kofia yake.

"Mdogo wangu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Ningekuwa na samaki wawili, ningekuachia mmoja nikakushukuru. Lakini ninayo orodha. Kila asubuhi naifungua, na kalamu ninaishika mimi. Hata akiwa na mayai ya dunia nzima, ukimpata utaniita dakika hiyohiyo. Sawa?"

"Sawa, yaya."

Alimtazama Wakili akirudi kwenye gari lake, akiruka madimbwi. Kilomita mbili kutoka hapo, nyuma ya mierebi, Koko alikuwa kwenye majani. Wabiwa aliingia ofisini, akajifungia, akapiga hesabu ambayo alijua ni ya aibu. Kwenye orodha watu walikuwa wakifariki mmoja kwa wiki, wakati mwingine mmoja kwa siku kumi. Mzee Byaombe alikuwa ameondoka jana. Kwa hiyo siku mbili zilikuwa salama, au karibu salama. Aliiandika hesabu ile kwenye kipande cha karatasi, akaisoma, akaichana vipande vidogo.

*

Jumatano saa nne asubuhi maji yalifika kumi na sita.

Madume walikuja kabla ya hapo. Wabiwa alisikia kwanza, akiwa amelala kifudifudi kwenye boti: maji yakipigwa, kama wanawake wengi wanaofua nguo pamoja. Kisha akaona migongo. Watatu, wanne, walimzunguka Koko na kumbana pande zote, na yule bibi mkubwa akajisukuma mbele kwenye majani, mapezi nje, akitetemeka mwili mzima. Maji yakageuka maziwa. Alikwenda hatua kumi, akapumzika, akarudia. Kila alipopita, majani yalibaki na punje za manjano hafifu, zimenata kama mtama uliomwagwa kwenye jamvi.

Wabiwa alilia bila kutoa sauti. Alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuna mtu mwenye umri wake, mahali popote, aliyewahi kuona jambo lile kwenye ziwa hili. Aliogopa kupumua.

Ilichukua saa moja na nusu. Mwishoni madume walitawanyika, na Koko alibaki peke yake kwenye maji mafupi, tumbo limelegea, amechoka mno hata kukimbia. Wabiwa alirudisha betri kwenye kifaa. Kikalia. Saa tano na dakika arobaini alipiga simu.

"Yaya, nimempata."

Walifika saa nane: Wakili Lubunga, fundi na mashine yake ya kusomea mawe, na mwakilishi wa kiwanda, mwanaume mrefu mwenye suti ya kijivu aliyemsalimia kila mtu kwa jina. Jaji alikuwa kwenye kioo kilichosimamishwa juu ya meza ya kituo. Sheria ilitaka samaki atoke majini mbele ya pande zote mbili, na auawe bila dawa, isije dawa ikachafua jiwe. Ilitaka pia afanye hivyo mtu anayemjua.

"Unathibitisha kwamba huyu ni Namba Nne?" aliuliza jaji.

"Nathibitisha."

Alimlaza Koko kwenye turubai lililolowa. Samaki hakupambana. Jicho lake, dogo kwa mwili ule, lilitazama juu. Wabiwa aliweka kiganja cha kushoto juu yake, ili asione, kisha akainua nyundo. Alipiga mara moja, kwa nguvu zote, kwa sababu alijua kwamba akihitaji kupiga mara ya pili hataweza.

Jiwe lilikuwa dogo kama punje ya dengu. Fundi alilikata, akalisugua, akalitia kwenye mashine, na kwenye kioo ikatokea picha ya duara ndani ya duara, miaka mia moja na ishirini na sita. Nje ya katikati ya picha, kuelekea ukingo, kwenye tabaka kumi na tatu zilizofuatana, mashine iliweka rangi nyekundu. Kabla yake hakuna. Baada yake hakuna. Miaka kumi na mitatu, ileile ambayo kiwanda kilifanya kazi.

Mwakilishi wa kiwanda alifunga mkoba wake polepole.

"Wakili, soma majina ya walio hai," alisema jaji.

Wakili Lubunga alianza kusoma. Sauti yake ilikuwa imara. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza simu yake iliangaza juu ya meza. Aliitupia jicho, akaacha kusoma. Akatoa kalamu.

"Samahani, mheshimiwa. Mmoja amefariki leo saa sita na robo. Tuko mia tatu na nane." Alichora mstari, akaendelea na jina lililofuata.

Wabiwa alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kuliona jina chini ya mstari. Mikono yake ilikuwa bado na magamba.

Jioni ileile ndege iliwachukua wagonjwa wanne walio hoi zaidi kwenda jijini. Shangazi Nakasila alikuwa mmoja wao. Kungekuwa na nafasi ya tano, muuguzi alisema. Walikuwa wamepanga watano.

*

Jumapili baada ya ibada Mama Apendeki alikuja kituoni kwa miguu. Alikuwa amevaa kitenge cheusi cha msiba na amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Wabiwa alikuwa chumba cha matangi, ameinama juu ya beseni la kioo. Alipomwona mlangoni alisimama haraka mno, kigoda kikaanguka.

"Kaa, kaa, mama," alisema yule mwanamke. "Sitakusumbua. Nimekuletea sombe na ugali kidogo. Msibani watu wamepika vyakula vingi, nani atakula?"

"Mama Apendeki, pole. Pole sana. Nilitaka kuja, mimi..."

"Najua. Wewe ni mtu wa haya. Yeye alikuwa akisema, yule mtoto wa Nakasila hata akifa ataomba radhi kwa jeneza." Alicheka kidogo, kisha akafuta macho. "Nimekuja kukushukuru. Watu mia tatu wataishi. Wangu hakuwahi, ni mapenzi ya Mungu, lakini dada yangu yumo. Kaka zangu wawili wamo. Wameniambia ulimuua kwa mkono wako, na kwamba ulimpenda. Nilitaka kukushika mkono huo."

Akaushika. Alikuwa na kiganja cha moto, kikavu. Wabiwa alitazama sakafuni.

"Na hivi ni vitu gani?" aliuliza Mama Apendeki, akiinama juu ya beseni. Majani yalielea humo, na kwenye majani punje za manjano. Ndani ya punje nyingi kulikuwa na nukta mbili nyeusi.

"Mayai."

"Yana macho!"

"Yameanza jana."

"Ni ya nani?"

"Ni yake," alisema Wabiwa. "Ya Koko."

"Oo." Uso wa Mama Apendeki ulilainika. "Kumbe alitaga. Jambo jema. Mama hakuondoka mikono mitupu." Alinyoosha kidole, akakigusa kioo. "Alitaga lini?"

"Jumatano asubuhi."

"Ukamwona akitaga."

"Nilimwona."

Tangi moja lilikuwa likibubujika hewa. Mama Apendeki alikuwa bado ameinama. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la nne kwa miaka ishirini, na Wabiwa aliiona hesabu ikianza usoni mwake kabla hajaijua mwenyewe.

Angeweza kusema kwamba alimkuta Jumatano ileile, akiwa tayari anataga. Hakuna jiwe, hakuna jino ambalo lingemkanusha. Betri haina tabaka. Hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye, na mwanamke huyu angekwenda nyumbani na shukrani yake, akalala.

"Mwanangu," alisema Mama Apendeki bila kuinua kichwa, "ulimpata lini?"

Wabiwa aliinama, akakiinua kigoda kilichoanguka.

"Jumatatu," alisema. "Saa tatu asubuhi."

Mama Apendeki alijinyoosha. Hakupiga kelele, hakulia. Aliinua mkono wake wa kushoto mbele ya kifua, kama alivyowafundisha watoto wadogo, na kwa mkono wa kulia akaanza kuhesabu vidole, kimoja kimoja, midomo ikitembea bila sauti: Jumatatu. Jumanne. Alipofika kidole cha tatu alikishika, akakibana kwa nguvu, na hakukiachia.